Barua Kutoka Wodi ya Ndege

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, kazi tele. Barua yako nimeipata, na swali lako limenikaa moyoni: kwa nini tunapoteza muda kupasua ndege waliokwisha kufa ilhali walio hai wanatusubiri?

Ndege wa porini huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishe, kwani anayeonyesha unyonge ndiye huliwa kwanza. Ndiyo maana wengi hufikishwa kwetu wakiwa hoi. Juzi aliletwa njiwa, manyoya ya kidevuni yameloa mate, kidari kimenyauka hadi mfupa umechongoka. Nikamfungua mdomo: utando wa manjano, mzito kama jibini, umeziba koo. Ni trikomonasi, kimelea ambacho kwa hadubini unakiona kikihangaika ndani ya tone la ute, mradi ute haujapoa wala kukauka. Njiwa akiwahiwa hutibika. Asipowahiwa, mwewe atakayemla naye huambukizwa.

Lakini yapo ambayo mgonjwa aliye hai hawezi kutuonyesha. Tumbusi wa Bara Hindi walianza kutoweka miaka ya 1990, wakafa kwa mamilioni, na wengi walishuku virusi. Walipopasuliwa, figo zilikutwa zimeharibika, na viungo vya ndani vimefunikwa unga mweupe wa asidi ya yuriki. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi Pakistani walimtaja muuaji: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, ambao mizoga yao ililiwa na tumbusi. India, Pakistani na Nepali zikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Bila wale maiti kupasuliwa, watu wangeendelea kusaka virusi ambavyo havikuwepo. Nikiikumbuka habari hii siwezi kumtupa hata shomoro bila kumchunguza.

Nawe unaweza kutusaidia. Ukimkuta ndege amejikunyata, amevimba manyoya mchana kweupe, mfunike kwa kitambaa, mtie kwenye boksi lenye matundu, mweke mahali penye giza na utulivu. Usimnyweshe maji kwa nguvu, yataingia mapafuni. Akiwa amekufa, au wakiwa kadhaa pamoja, usiwaguse kabisa. Homa ya ndege ipo. Wapigie simu wataalamu wa mifugo au wanyamapori, uwaeleze ni ndege gani, wangapi na wako wapi.

Niandikie upesi, unieleze pia mama anaendeleaje.

Rafiki yako wa siku zote