Tusingojee mahakama ya New York itulindie mali yetu

Mhariri,

Tarehe 21 Novemba 2024, Rais William Ruto alipolitangazia Bunge kwamba ameagiza mipango miwili ya kampuni ya Adani kutoka India ifutwe, ule wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na ule wa nyaya za umeme, ukumbi mzima ulilipuka kwa vifijo. Nilikuwa kwa kinyozi hapa Malindi, redio ikiwa juu ya kabati, na waliokuwamo walishangilia pia. Mimi sikuweza. Siku moja kabla ya hapo, waendesha mashtaka wa Marekani walikuwa wametangaza mashtaka dhidi ya Gautam Adani, mwanzilishi wa kampuni hiyo, mjini New York, wakidai kwamba yeye na wenzake walipanga kuwahonga maafisa wa India zaidi ya dola milioni 250 kwa ajili ya kandarasi za umeme wa jua, madai ambayo kampuni hiyo iliyakanusha. Mapema siku hiyohiyo ya hotuba, Waziri wetu wa Kawi alikuwa akiwahakikishia maseneta kwamba mkataba wa nyaya za umeme haukuwa na hongo yoyote. Mataifa yanayojiheshimu hayangoji kuamshwa na jirani ndipo yajue kwamba mlango wao uko wazi.

Mimi ni mhafidhina, wala sioni haya kulisema. Naamini katika biashara huria, naamini kwamba mambo mengi huendeshwa kwa nidhamu zaidi na mtu aliyetia fedha zake mwenyewe kuliko na idara ya serikali, na sikatai kwamba uwanja ule unahitaji mwekezaji. Kwa sababu hiyohiyo usiri ndio ulionichoma. Pendekezo lilikuwa la kuukabidhi uwanja mkuu wa nchi kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.85, na hakuna kampuni nyingine iliyoitwa kushindana. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi na ushindani, usiogharimu kupita kiasi, lakini Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na ya Kibinafsi ya mwaka 2021 inaruhusu kampuni ilete pendekezo lake yenyewe pasipo zabuni kutangazwa. Mlango huo ni mpana mno na Bunge linapaswa kuubana. Anayepewa mali ya umma bila kushindanishwa na yeyote hajafanya biashara huria, amegawiwa tu.

Sisi watu wa Pwani tulilelewa na wakfu, na tunajua maana ya mali isiyo ya mtu. Msikiti wetu una maduka matatu ya wakfu. Mwaka juzi paa la duka moja lilipoharibika, mafundi wanne walileta bahasha zao, zikafunguliwa baada ya sala ya Alasiri mbele ya jamaa, na bei ya kila mmoja ikasomwa kwa sauti. Mzee mmoja asiyejua kusoma aliomba bei ya mabati irudiwe, na katibu akairudia polepole mpaka mzee akaridhika. Hayo yalifanyika kwa ajili ya paa la duka. Kwa uwanja wa ndege ambao wajukuu zetu wangeurithi ukiwa bado mikononi mwa mtu mwingine, Wakenya hawakusomewa bei wala hawakuoneshwa bahasha.

Hapa ndipo ninapokugeukia wewe, Mhariri, na wenzako wote katika taaluma hii. Habari ya uwanja ule hatukuipata kwanza katika ukurasa wa mbele wa gazeti lolote. Ilikuwa Julai 2024, kijana Mkenya aliyekuwa akisoma Ufaransa, Nelson Amenya, alipoweka hati za pendekezo hilo kwenye mtandao wa X. Baadaye, nakiri, magazeti yalifanya kazi: yaliandika kuhusu Mahakama Kuu kusimamisha mpango huo mwezi wa Septemba, na kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa viwanja vya ndege wa tarehe 11 mwezi huohuo. Lakini kufuata moto ukishawaka si sawa na kulinda nyumba. Katika miezi ambayo pendekezo lile lilikuwa likipita mezani kwa maafisa, kurasa zetu zilijaa maneno ya wanasiasa mazishini, nani kamtusi nani na nani kahama kambi ya nani, na mwandishi aliyetumwa huko angeweza kutumwa kuomba hati, kwa kuwa Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali.

Ninajua kuna hofu ya kupoteza matangazo. Machi 2024 Serikali iliziagiza wizara na mashirika yake zipeleke matangazo ya redio na televisheni kwa KBC, shirika la utangazaji la Serikali, peke yake, na kila mhariri alielewa ujumbe ule. Mhafidhina wa kweli lazima alipinge jambo hilo, hata pale serikali inapokuwa ya chama alichokipigia kura, kwa sababu fedha za matangazo ni kodi yetu na hazikutolewa ili zinunue ukimya.

Ombi langu ni hili. Gazeti Rasmi la Serikali hutoka kila Ijumaa. Mpe mwandishi mmoja kazi ya kulisoma lote, pamoja na orodha ya miradi ya ubia iliyo mbele ya Hazina Kuu, kisha kila Jumatatu utupe nusu ukurasa kwa Kiswahili chepesi: nani anaomba nini, kwa miaka mingapi, kwa fedha ngapi, na nani mwingine aliyeitwa kushindana naye. Kwa kinyozi wetu gazeti husomwa kwa sauti, na nusu ukurasa huo tutausoma wa kwanza.

Msomaji wako wa miaka mingi,
Malindi