Kwa vijana wa PCB Tanga mnaotaka udaktari wa meno

Assalaam alaykum wanangu, na wa upande wa pili Tumsifu Yesu Kristo. Nawaandikia nyie wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni mpaka huko Muheza, mnaosoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na roho zenu ziko kwenye meno. Nimesikia kwa mjukuu wangu kwamba mnachangishana hela mlipie kozi ya intaneti ya DAT, ule mtihani wa kuingilia chuo cha meno, na wengine mmeshaanza kukesha na video zake bando likiisha mnaazima. Mimi nimeng'oa meno ya watu wa mji huu mpaka nikastaafu, bibi zenu wengi wamepita mikononi mwangu, kwahiyo mtaniwia radhi nikisema bila kuulizwa.

DAT ni ya Marekani. Inaendeshwa na Chama cha Madaktari wa Meno cha huko, na wanaoifanya ni watu ambao tayari wako chuo kikuu, wameshapiga miaka kadhaa ya sayansi. Hapa kwetu hakuna mtihani wa kuingia chuo cha meno, hakuna kabisa. Ukitaka DDS, digrii ya udaktari wa meno, pale Muhimbili wanaangalia cheti chako cha fom siksi, Fizikia, Kemia na Baiolojia, unaomba, unashindanishwa na wenzio wa nchi nzima, matokeo yakiwa mazuri unaitwa. Mlango wenu ni NECTA, baraza la mitihani la taifa. Kujiandaa na DAT ili ufaulu fom siksi ni kupanda basi la Lushoto wakati safari yako ni Pangani, utafika mahali pazuri lakini sio kwenu.

Hebu tuifungue tuone ndani, maana sitaki mseme mzee kapinga asichokijua. Kuna sehemu ya sayansi, maswali 100 kwa dakika 90, baiolojia 40, kemia ya jumla 30 na oganiki 30. Kuna hesabu 40 kwa dakika 45. Kuna kusoma habari za kisayansi na kujibu maswali 50 ndani ya saa moja. Halafu kuna ile ya macho wanayoiita PAT, maswali 90 saa moja, nitairudia baadae. Yote ni ya kuchagua jibu, unabofya kwenye kompyuta unasonga. Mmeona kisichokuwepo? Fizikia. Hamna hata swali moja la fizikia, na nyie fizikia ndio inayowamaliza, nawajua. Halafu hamna praktiko, wakati nyie kila somo katika hayo matatu lina pepa ya tatu ya maabara. Na NECTA haikuulizi ubofye tu, inakuuliza ueleze, uchore, ukokotoe ukionyesha njia. Mtu aliyezoea kuchagua A B C D akiambiwa aeleze kwa maneno yake jinsi figo inavyochuja damu anabaki kutafuna kalamu.

Kwahiyo hizo hela, kama hazijatumwa, toeni kopi za pasti pepa. Na kuna kitu cha bure ambacho karibu hakuna anayekisoma, NECTA wanatoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ziko kwenye tovuti yao, somo kwa somo, swali kwa swali, wanasema watahiniwa waliofanya vizuri walijibu vipi na waliofeli walikosea wapi, mpaka wanaweka picha ya majibu yenyewe. Yaani msahihishaji anakwambia anachotaka na wewe unakwenda kumlipa mtu wa mbali asiyejua hata silabasi yako!

Ila sio kwamba vijana wa Kimarekani hawana la kutufunza, wanalo. Wao hawasomi kwa kurudia rudia daftari mpaka liote mba. Wanafanya maswali kwa saa, saa ikiisha kalamu chini, halafu muda mrefu kuliko ule wa kufanya wanautumia kwenye yale waliyokosa, nimekosa kwa nini, sikujua, nilisoma swali haraka, au nilikosea kuzidisha? Hayo ni magonjwa matatu tofauti na dawa zake tofauti. Fanyeni hivyo. Huu mtindo wa kupiga msuli usiku kucha miguu kwenye beseni la maji halafu asubuhi mtu anasinzia kwenye kipindi sijawahi kuuona ukimsaidia mtu, samahani kwa wanaoupenda.

Sasa kuhusu kemia, maana nasikia ikwilibriamu, ile hali ya mabadiliko ya kwenda na ya kurudi kulingana, inawatoa jasho na mnauliza itawasaidia nini kwenye meno. Wanangu, kuoza kwa jino NI ikwilibriamu. Enameli, lile gamba gumu la juu, ni fuwele za kalsiamu na fosfeti zenye haidroksili ndani yake, na zinaishi zikiyeyuka kidogo na kujijenga tena mchana kutwa. Ukila kashata na chai ya sukari, bakteria waliokaa kwenye utando wa jino wanaichachua ile sukari wanatoa asidi ya laktiki, pH, kile kipimo ambacho kikishuka asidi imezidi, inashuka, ikipita chini ya 5.5 hivi enameli inaanza kuyeyuka, kalsiamu inatoka. Ukiacha kula, mate ambayo yana baikaboneti yanafanya kazi ya bafa, yaani kuizima asidi pH isiyumbe, pH inapanda, madini yanarudi. Ndio maana anayetafuna tamutamu kila baada ya dakika chache anaoza kuliko anayekula zote kwa mpigo mmoja, mate hayapati nafasi. Floraidi ikiingia mahali pa haidroksili, fuwele inakuwa ngumu zaidi kuyeyuka, inahitaji pH ishuke mpaka karibu 4.5. Na ikizidi utotoni meno yanatoka na madoa ya kahawia, kama mnavyowaona ndugu zetu wengi wa Arusha na Kilimanjaro, ni maji yao. Hapo mmepata Le Chatelier, ile kanuni ya ikwilibriamu kujirudisha ikivurugwa, asidi na besi, bafa na umumunyifu, yote mdomoni mwenu. Someni kwa namna hiyo, haitoki kichwani.

Praktiko msiiache mpaka wiki ya mwisho. Titresheni, kule kudondosha kimiminika mpaka rangi ibadilike, inataka mkono uliozoea bureti, na kumpasua chura kunataka mkono usiotetemeka, mkono hausomi kwa madesa. Shule kama maabara yake haina vitu, mwombeni mwalimu aongee na shule jirani, walimu wa mji huu wanajuana.

Ile PAT sasa. Wanakuonyesha umbo unaambiwa litapita tundu gani, karatasi imekunjwa ikatobolewa ukiikunjua matundu yako wapi, pembe ipi ndogo, vijimchemraba vimepangwa uhesabu pande zilizopakwa rangi. Zamani Wamarekani walikuwa wanawachongesha watu chaki, na Kanada walichongesha sabuni. Haiko kwenye NECTA, lakini hii nawaruhusu, kwa sababu chuoni utachonga meno kwa nta na utafanya kazi mdomoni ukitazama kioo kila kitu kiko kinyume. Chukua kipande cha sabuni ya mche na kisu kidogo, chonga gego la chini Jumapili jioni, sio usiku wa kuamkia mtihani. Mama asipate sababu ya kunilaumu.

Yupo mwenzenu aliyeko Texas anamalizia digrii, huyo DAT inamhusu, na wala asikimbilie, amalize kwanza oganiki darasani ndio aanze.

Na wale wa fom foo mnaonisoma kwa kuibia, kuna stashahada ya utabibu wa meno, miaka mitatu, chini ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, unaingia na cheti cha fom foo chenye Kemia, Baiolojia na Fizikia. Watu wanaidharau bila sababu. Tabibu wa meno ndiye anayekutana na mgonjwa kwanza huko wilayani, na akifanya vizuri njia ya kwenda digrii iko wazi. Nimefanya kazi na wengine ambao mikono yao ilikuwa mizuri kuliko yangu.

Jumamosi baada ya alasiri niko barazani kwangu, njooni na pasti pepa za kemia na baiolojia mkiwa mmeshazifanya, sio tupu. Za fizikia mpelekeeni mwalimu wenu, mimi mita briji, ule waya wa kupimia ukinzani wa umeme, nimeshaisahau zamani.