Boksi la vitafunwa vya Kijapani: lipia miezi, usilipie mwaka

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kidogo nimjibu yule mwandishi wenu aliyesema haya maboksi ya vitafunwa kutoka Japani yanayoletwa kila mwezi ni wizi wa mchana. Kwenye hela namwelewa, ila yeye kapiga hesabu ya gramu, gramu ngapi kwa shilingi ngapi, na ukienda hivyo hakuna boksi litakalokulipa, maana ndani ni vipakiti vidogovidogo tu, kingine ukikiuma mara mbili kimeisha. Mimi naagiza na nitaendelea kuagiza. Ninachobishana nacho ni kule kulipia mwaka mzima kwa mkupuo eti kuna punguzo. Chagua miezi, basi.

Wajapani wana hii tabia ya kutoa vitu kwa msimu. Kwenye pakiti wanaandika kabisa kuwa ni ya muda maalumu, muda ukipita imetoka hiyo, mwakani labda irudi labda isirudi. KitKat imeanza kuuzwa kule 1973, ya matcha, ile chai ya kijani ya unga, ikaja 2004, na mpaka leo fleva zimeshapita 300, nyingi zimekuja na kuondoka kimyakimya. Kuna chokoleti ya Meiji inaitwa Meltykiss, ipo tangu 1992, inauzwa kipindi cha baridi tu kwa sababu ni laini mno, ukiishika tu inaanza kuyeyuka. Biashara ipo ndani yake, tusidanganyane, mtu akijua kitu kinaondoka ananunua haraka. Lakini tabia hii ya msimu hawakuibuni kampuni za chokoleti, vitamutamu vyao vya zamani vya kunywea chai, wagashi, navyo vinabadilika rangi, umbo na kilichomo kufuata majira.

Sasa chukua boksi la majira ya kuchipua, la kuanzia mwezi wa tatu hivi, hapo ndipo hela yako inaonekana. Tarehe 3 Machi ni sikukuu ya watoto wa kike, Hinamatsuri, na kitafunwa chake ni hina arare, punje za mchele zilizotutumuka za pinki, nyeupe na kijani. Hizo ni kavu, zinasafiri vizuri, zinafika zikiwa bado zinalia mdomoni. Halafu ndio inaanza sakura, yaani maua ya mcheri, kila kitu sakura, biskuti, chokoleti, mochi (vile vikeki laini vya mchele wa kunata), mpaka unachoka. Na hapa ndio watu wengi wanalalamika eti haina ladha ya cheri, wengine wanasema inanukia kama sabuni. Jamani, wao hawatafuti ladha ya tunda! Wanatafuta ladha ya jani. Sakuramochi ya asili inafungwa kwenye jani la mcheri lililolowekwa kwenye chumvi, majani mengi yanatoka mji wa Matsuzaki kule rasi ya Izu, na ile harufu inatokana na kitu kinaitwa kumarini ambacho kwenye jani bichi hukisikii, mpaka jani likae kwenye chumvi ndio harufu inajitokeza. Kwa hiyo ukila biskuti ya sakura ukakuta kachumvi na harufu kama ya majani makavu, ujue ndivyo ilivyokusudiwa. Tokyo wanaitengeneza kwa chapati nyembamba iliyokunjwa na maharage mekundu ya azuki ndani, upande wa Osaka na Kyoto wanatumia mchele wa kunata uliosagwa kidogo tu, punje zinaonekana. Mimi niko upande wa Osaka na sitaki mjadala.

Ila nikiri boksi lina mipaka. Mwezi wa tano tarehe 5 kuna kashiwa mochi, inayofungwa kwenye jani la aina ya mwaloni, jani hilo haliliwi, wamelichagua kwa sababu majani ya zamani hayadondoki mpaka machipukizi mapya yatokee, wanaona ni ishara ya ukoo usiokatika. Kitu kizuri sana, lakini hutakipata kwenye boksi, maana mochi fresh inaanza kukauka na kuwa ngumu siku hiyohiyo au ya pili yake. Wanaloweza kuleta ni mochi yenye sukari nyingi iliyofungwa vizuri, au biskuti yenye fleva ya mochi, ambayo mimi naona ni kupoteza nafasi ya boksi.

Kiangazi ruka. Kabisa. Joto la Japani la mwezi wa saba na wa nane linafanya hata kampuni zenyewe zipunguze chokoleti, na hata wakikuwekea, njiani inapata joto inapoa inapata tena, inafika na utando mweupe juu, haidhuru lakini haina raha tena. Vitu vitamu hasa vya msimu huo ni vya baridi, barafu iliyokunwa na kumwagiwa sharubati, utaitumaje kwa posta? Wanajazia krispi za chumvi na pipi za ramune, yani vidonge vyenye ladha ya ile soda ya chupa yenye gololi shingoni, na chupa yenyewe asili yake Uingereza, aliibuni Hiram Codd karne ya 19. Gololi ndio utamu wa soda ile, sasa kwenye kidonge gololi iko wapi?

Vuli ndio kipenzi changu. Mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja unapata viazi vitamu, maboga, na kuri, ile mbegu ya kahawia ya kuchoma, Obuse kule Nagano wanajulikana sana kwa hiyo. Viazi vitamu vya Kagoshima vinatengenezwa kila kitu, krispi nene, keki, karameli, na vile vya zambarau vinapendeza hata kabla hujala. Pia kuna sherehe ya kutazama mwezi, tsukimi, inaangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, wanapanga vidonge vyeupe vya unga wa mchele kama piramidi, ndio maana boksi la kipindi hicho linajaa picha za sungura, wao kwenye mwezi wanamwona sungura anatwanga mochi. Vitafunwa vya vuli havina kelele, sukari yake ya wastani, na karibu vyote vinavumilia safari.

Baridi nayo nzuri ila soma pakiti, hasa sisi tusiokunywa pombe. Lotte wana chokoleti mbili za msimu wa baridi, Rummy na Bacchus, zina pombe ya kweli ndani, sio fleva. Na kwa ujumla kwenye mambo ya viambato usitegemee kile kijitabu cha kwenye boksi peke yake. Sheria ya Japani inalazimisha kutaja vitu kadhaa kwa ajili ya wenye mzio, vikiwemo mayai, maziwa, ngano, soba (nafaka ya kutengenezea tambi), karanga, kamba na kaa wa baharini, na walnati iliyoongezwa 2023. Jelatini, ile ya kugandishia inayotokana na wanyama, na nguruwe kwenye upande huo wa mzio vinashauriwa tu, sio lazima, na jelatini iko kwenye pipi nyingi za kutafuna, wakati unga wa kukolezea krispi mara nyingi una mchuzi wa nguruwe au kuku. Piga picha maandishi ya nyuma, simu itakutafsiria. Tarehe nazo zinaanza na mwaka, 26.03.10 ni tarehe 10 Machi 2026, usije ukatupa kitu kizima.

Sababu nyingine ya kutolipia mwaka ni kwamba posta na forodha hazina mkataba na wewe. Ndugu zetu wa Marekani wameona, 29 Agosti 2025 msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800 uliondolewa, na siku chache kabla posta ya Japani ilikuwa imesimamisha kupokea vifurushi vingi vya kwenda huko. Ukiwa umelipia miezi 12 unabaki kuandikiana baruapepe na huduma kwa wateja. Kuna kampuni moja, siitaji, boksi la sakura walinifikishia watu wameshahamia kwenye tikiti maji, nilipouliza wakanijibu vitafunwa bado havijaisha muda. Ni kweli havijaisha muda, ila mimi nililipia msimu.

Kwa hiyo ombi langu kwa gazeti, mkifanya tena uchambuzi wa haya maboksi waulizeni wauzaji maswali mawili: boksi limefungwa mwezi gani, na linasafiri kwa ndege au kwa meli. Na huyo mwandishi wenu mwambieni safari hii aagize la mwezi wa kumi.

Ni mimi msomaji wenu wa siku zote,
Mpenda viazi vya zambarau