Mafuta ya Hoima na maji moto ya Kibiro

Mhariri,

Kila yanapotajwa mafuta ya Hoima, Uganda, na bomba la kilomita 1,443 litakaloyafikisha Chongoleani, Tanga, waandishi huturudisha Pennsylvania, Marekani, kwenye kisima cha mafuta alichochimba Edwin Drake mwaka 1859. Mimi ningewapeleka Merkwiller-Pechelbronn, mji mdogo wa Alsace, Ufaransa.

Drake hajazaliwa bado, watu wa huko walikuwa wakichimba mchanga wenye lami na kuuchemsha kupata mafuta, tangu miaka ya 1740. Ukoo wa Le Bel uliendesha kazi hiyo kwa zaidi ya karne moja, na mmoja wao, Joseph Achille, akawa mwanakemia mashuhuri. Ilipofika Vita Kuu ya Kwanza, Alsace ikiwa chini ya Wajerumani, visima havikutosha. Wafanyakazi wakateremka chini ya ardhi kama wachimba makaa ya mawe, kuyafuata mafuta kwenye mwamba wenyewe. Kazi ngumu hiyo, na ya hatari. Kisha tarehe 5 Septemba 1927 ndugu wawili, Conrad na Marcel Schlumberger, walifanya huko jambo ambalo leo hakuna kampuni ya mafuta isiyolifanya: kifaa chao kilishushwa kisimani kupima jinsi miamba inavyozuia umeme, na kuonyesha kilichomo bila kuhitaji kuutoa mwamba nje.

Mafuta yaliisha faida. Kiwanda cha kusafishia kikafungwa mwaka 1970.

Lakini mwanzoni mwa karne ya 20, kisima kimoja kilichokuwa kikitafuta mafuta kilitoa maji moto, na watu wakaanza kwenda kuyaoga kwa tiba. Halafu vipimo vya joto kutoka visima vya eneo lile vilionyesha kwamba chini kuna joto lisilo la kawaida. Ndiyo maana utafiti wa jotoardhi, yaani nishati ya joto la chini ya ardhi, wa Soultz-sous-Forêts, jirani kabisa, ulianza mwaka 1987. Walichimba hadi kilomita 5 na kukuta joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi. Leo kuna mtambo wa umeme.

Kwa nini nayasema haya? Kandokando ya Ziwa Albert, katikati ya Tilenga na Kingfisher, maeneo mawili ya mradi huu wa mafuta, kipo kijiji cha Kibiro. Kina chemchemi za maji moto, wanawake wake wametengeneza chumvi kwa karne nyingi, na Uganda inakichunguza kwa ajili ya jotoardhi. Tilenga peke yake imepangiwa visima zaidi ya 400. Kila kimoja kitapimwa, joto likiwemo, na vipimo hivyo vinalipiwa na mradi wenyewe.

Naomba waandishi wako wawaulize wahusika: vipimo hivyo vinahifadhiwa wapi, na je, wataalamu wa jotoardhi wanaruhusiwa kuvisoma sasa, au mpaka mafuta yaishe?

Msomaji wako,
Mwalimu mstaafu, Tanga