Barua kuhusu kiti cha enzi cha Kilwa

Mpendwa ndugu yangu Bakari,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia salama, na nimefurahi kusikia kwamba wewe na jamaa wote mu wazima huko Songea. Sisi pia hatujambo. Swali uliloniuliza limenikaa moyoni tangu nilipolisoma: masultani wa Kilwa walipataje kuutawala mji tajiri kiasi kile kwa zaidi ya miaka mia nne, ilhali hatusikii habari za jeshi lao kubwa? Nitakujibu kwa kadiri nijuavyo, na nitakaa zaidi kwa sultani mmoja, al-Hasan bin Sulaiman, kwa kuwa ndiye tunayeweza kumtazama kwa karibu kuliko wenzake.

Lakini sina budi kuanza na nasaba. Tarikh ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasimulia kwamba baba mmoja na wanawe sita waliondoka Shirazi, huko Uajemi, kwa majahazi saba, kila mmoja akateremka mahali pake, na Ali bin al-Hasan akafika Kilwa. Kisiwa kilikuwa na mwenyewe, mtawala wa bara, naye Ali akakinunua kwa nguo, vitambaa vya kutosha kukizunguka kisiwa chote. Masimulizi ya Kiswahili ya huko huko Kilwa yanampa mwenyeji yule jina, Mrimba, na yanaongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi, kwamba mgeni alimwoa binti yake.

Watu wengi wakifika hapa huanza kubishana kama Ushirazi ni kweli au ni hadithi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliofanywa kwa mabaki ya watu waliozikwa katika miji kadhaa ya pwani, ulionyesha mchanganyiko ulioanza kiasi cha mwaka 1000, ambamo asili ya Kiajemi ilitoka zaidi kwa wanaume na asili ya Kiafrika kwa wanawake, kwa hiyo simulizi haikuzuka hewani. Hata hivyo ninachokitazama mimi ni kazi iliyofanywa na simulizi hiyo. Mfanyabiashara aliyetoka Aden au Hormuz aliambiwa kwamba sultani huyu ni Mwislamu wa ukoo wa kifalme, basi mali yake iko katika mikono ya kuaminika. Na mtu wa bara, ambaye pembe za ndovu na chakula vilitoka kwake, aliambiwa kwamba kisiwa hakikuporwa bali kilinunuliwa kwa ridhaa, na kwamba anayekaa kitini ni mkwe na mjukuu wa wenyeji. Habari moja iliwaridhisha watu wa namna mbili, na kila upande ulipata ndani yake sababu ya kutii.

Mwishoni mwa karne ya 13 kiti kilihamia kwa ukoo mwingine, wa Mahdali, ambao wanahistoria wanauhesabu kuwa wa masharifu wenye asili ya Yemen. Utadhani ukoo mpya ungefuta alama za ule wa kwanza. Haukufanya hivyo, na ushahidi ni sarafu. Sarafu ya Kilwa ni kitu kidogo cha shaba, kinachofichika kabisa ndani ya kiganja, na maandishi yake yamepangwa kwa vina: upande mmoja limeandikwa jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kwamba anamtegemea Mola Mwenye kuneemesha, jina la mtawala na sifa ya Mwenyezi Mungu yakiishia kwa sauti moja. Desturi hiyo ilikuwapo kwenye sarafu za Ali bin al-Hasan, na al-Hasan bin Sulaiman wa ukoo mpya akaishika vile vile. Fikiri, ndugu yangu, jinsi jina la mtawala lilivyopita sokoni kila siku likiwa limefungamana na jina la Mola. Sarafu moja ya al-Hasan imeokotwa hata Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe huko bara, upande ule ilikotoka dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, na kuitajirisha Kilwa.

Huyu al-Hasan alitawala mwanzoni mwa karne ya 14. Tarikh inasema kwamba kabla ya kutawala alikwenda kuhiji, akakaa Aden miaka miwili akisoma, na nduguye Daud akamshikia nafasi mpaka aliporudi. Elimu na hija vilimpa heshima ambayo damu peke yake isingempa. Kisha akajenga. Aliupanua Msikiti Mkuu, na juu ya mwamba wa bahari, nje kidogo ya mji, akainua jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea la pembe nane. Wachimbaji wa miaka ya 1960 walikuta humo jiwe lililochongwa maandishi yanayomwita al-Malik al-Mansur, yaani Mfalme Mshindi, lakabu ya aina ile ile waliyojipa wafalme wa Misri na Yemen. Nahodha aliyeingia bandarini aliliona jumba lile kabla hajakanyaga nchi kavu, na sidhani kwamba mahali pale palichaguliwa kwa bahati tu.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa, na ndiye aliyetuachia habari ninazozipenda kuliko zote. Anasema sultani aliitwa Abu al-Mawahib, Baba wa Vipawa, kwa wingi wa utoaji wake, alikula pamoja na mafakiri, na masharifu walimjia kutoka Iraki na Hijazi. Siku ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akazivua, akavaa nyingine, akampa zile. Watu wakamsifu sana. Mwanawe akazirudisha nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi badala yake, na sultani aliposikia jinsi watu walivyolishukuru jambo hilo, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kutoa mbele ya macho ya watu, tena Ijumaa, kulikuwa ndiko kutawala kwenyewe, kwa maana kila aliyepokea aliondoka akilitangaza jina la mtoaji. Lakini watu ishirini waliotolewa zawadi walitoka wapi? Ibn Battuta mwenyewe anatuambia kwamba sultani alikuwa akiwavamia watu wa bara, akichukua ngawira, na kutenga humusi yake, yaani sehemu moja ya tano, kama Kurani ilivyoagiza. Hesabu ya ngawira ilifuata sheria, nayo sheria ikaupa uvamizi sura ya haki. Siwezi kuusifu ukarimu ule bila kuwakumbuka walioulipia kwa uhuru wao, na nakuomba nawe usiwasahau utakapowafundisha vijana wako.

Daud aliyemrithi alikuwa kinyume chake. Mwombaji alipomjia, alijibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha kitu cha kutoa. Husuni Kubwa nalo halikukamilika kamwe.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Katika karne ya 15 nguvu ziliteleza mikononi mwa maamiri na mawaziri, ambao waliweka na kuondoa masultani wapendavyo, lakini kwa muda mrefu walihitaji mtu wa ukoo wa kifalme akae kitini. Amir Ibrahim alivuka mpaka huo: sultani al-Fudail aliuawa, naye akashika mji bila nasaba. Mwaka 1502 Mreno Vasco da Gama alimlazimisha kutoa kodi, na Julai 1505 Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, akauteka mji na kuupora. Wareno wakamvika Muhammad Ankoni, mtu asiye wa ukoo wa kifalme, taji la dhahabu lililokuwa limekusudiwa mfalme wa Cochin huko India. Ankoni alikuwa na taji kichwani na mizinga ya Wareno nyuma yake, na bado aliomba kwamba atakayemrithi awe mtoto wa al-Fudail, si wake mwenyewe. Aliujua mji wake kuliko waliomvika taji. Mwaka uliofuata aliuawa, na mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome yao Kilwa.

Ukienda Kilwa Kisiwani wakati wa likizo, waulize wazee habari za Mrimba na binti yake, uniandikie kama walivyokusimulia. Wasalimie mama na watoto wote.

Wasalaam,
Rafiki yako, Hamisi