Mgeni wa kiangazi Lubumbashi, beba sweta

Mheshimiwa Mhariri,

Kila mwaka likizo kubwa ikikaribia, ndugu walio Dar es Salaam, Ndola, Nairobi na hata Brussels huuliza: nije Lubumbashi mwezi gani? Hujibiwa vilevile siku zote: njoo kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane, mvua hakuna na barabara ni kavu. Ni kweli, ila jibu hilo limekatwa nusu, na nusu iliyofichwa ndiyo inayowatesa wageni. Sisi tunaowapokea hapa Kamalondo, mojawapo ya komini (wilaya) za mji huu, tunaomba nafasi katika gazeti lako tuiseme kabla watu hawajakata tiketi.

Nusu hiyo ni baridi. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba mbingu haina wingu, na usiku ardhi inapoteza joto lote la mchana. Alfajiri ni kawaida nyuzi kushuka chini ya 10, na saa 8 mchana wa siku hiyohiyo zinafika 25. Mgeni aliyefungasha kaptula na shati za mikono mifupi kwa kuwa ameambiwa Kongo ni joto, hata chai ya asubuhi anainywa amejifunika shuka. Abebe sweta moja nzito, koti la kukinga upepo, soksi, viatu vya kufunika na mafuta ya midomo, kwani hewa ya huku ni kavu na midomo hupasuka siku ya pili. Nyumba nyingi hazina cha kupasha joto, na hoteli nyingi ni hivyohivyo. Blanketi la pili liombwe mchana, unapopewa ufunguo. Ukingoja saa 5 usiku, mwenye stoo ameshalala. Joto lenyewe linakuja mwishoni mwa mwezi wa tisa na mwezi wa kumi, wakati jakaranda zinapochanua zambarau mjini, na wakati huo wageni wa likizo wamekwisha kurudi kwao.

Baridi hiyo ina hatari moja ambayo hatutaipita haraka, kwa sababu inaua. Ni mbabula, jiko la makala (mkaa). Familia zetu zinapikia makala, na usiku wa mwezi wa saba mtu anaona ni huruma kumwingizia mgeni mbabula chumbani apate joto. Makala yakishakuwa mekundu hayatoi moshi, kwa hiyo yanaonekana salama. Sivyo. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, nayo inachukua nafasi ya oksijeni katika damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kisha miguu kukosa nguvu, na aliyelala hazisikii kabisa. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi, na sufuria la maji kando ya moto, ambalo wengi wanaliamini, halizuii chochote. Mkitaka joto, kaeni pamoja kuizunguka mbabula uani au barazani, kisha ibaki nje watu wakienda kulala. Mgeni akiikuta chumbani, aseme bila aibu: "Mama, aksanti, lakini tuitoe." Hakuna mwenyeji wa kweli atakayekasirika. Mkimkuta mtu amelegea chumbani, fungueni mlango, mtoeni kwenye hewa safi na mpelekeni hospitali hapohapo, hata akisema amepata nafuu.

Siku nayo ipangwe kwa jua. Mwezi wa sita jua linatua kabla kidogo ya saa 12 jioni, na giza linaingia upesi. Asubuhi hadi saa 3 ni wakati wa sweta. Saa 4 hadi saa 9 ndio wakati wa kutembea. Atokaye Kinshasa asogeze saa yake mbele saa moja, na atokaye Dar es Salaam au Nairobi airudishe nyuma saa moja. Wa Ndola asiiguse. Usipange miadi ya jioni mtaa usioujua. Baada ya giza usitembee kwa miguu katikati ya mji, hata kama hoteli unaiona pale. Ita taksi ambayo mwenyeji wako au watu wa mapokezi wanaijua.

Halafu kuna vumbi. Mvua zinakatika mwezi wa nne au wa tano hadi karibu na wa kumi na moja, na barabara za udongo za Ruashi, Katuba na Annexe zinageuka unga mwekundu. Malori ya madini yanaongeza, na kuanzia mwezi wa saba moshi wa nyasi zinazochomwa nje ya mji unashuka juu yetu asubuhi. Mwenye pumu aje na dawa zake za kutosha muda wote atakaokaa. Nguo nyeupe aziache kwao. Mbu wanapungua kiangazi lakini hawatoweki, na malaria ni ya mwaka mzima: chandarua na dawa ya kinga havina likizo. Maji ya bomba usinywe mpaka yachemshwe.

Kuhusu kuingia: kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano inatakiwa, iwe unatua uwanja wa ndege wa Luano au unavuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa. Chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari, kwani kabla ya hapo haihesabiki. Visa iulizwe ubalozini mapema. Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakumaanishi kwamba kila mwanajumuiya anapita bila karatasi. Wanaokuja kwa barabara kutoka Tunduma kupitia Zambia wapange kufika Kasumbalesa asubuhi. Foleni ya malori inatisha kwa macho, lakini abiria anavuka kwa miguu. Kinachomponza ni kufika jioni, na bado kuna kilomita 90 hivi mpaka mjini ambazo hatushauri mtu azipite usiku. Luano utakutana na vijana wanaojiita protokole, wanaokupa msaada wa kupita haraka. Kama mwenyeji wako hakumtuma mtu kwa jina, kataa kwa upole, shika paspoti yako mwenyewe na tunza kikaratasi cha mzigo mpaka umetoka mlangoni.

Pesa ndiyo inayowachanganya wengi. Huku dola na faranga zinatembea pamoja: hoteli na vitu vikubwa kwa dola, soko na usafiri kwa faranga. Dola lazima iwe safi. Noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha, alama ya kalamu au muhuri itakataliwa, na noti za zamani zenye kichwa kidogo vilevile. Noti ya dola moja karibu hakuna anayeipokea. Faranga, kinyume chake, inaweza kuwa imechakaa mpaka maandishi yamefifia na bado ikapita. Usigombane na mama wa sokoni kwa sababu hiyo. Wabadilisha pesa wanakaa barabarani na mabunda juu ya meza. Uliza kiwango cha siku kwa watu wawili, hesabu faranga zako noti kwa noti kabla dola haijatoka mfukoni, na usikubali bunda lililofungwa. Dola mia moja ikigeuzwa faranga inakuwa noti nyingi. Badilisha kidogo kidogo. Simu nayo: M-Pesa ya hapa ina mifuko miwili, wa dola na wa faranga, na anayekutumia lazima ujue ametuma upande upi. Usiitegemee laini ya Tanzania au Kenya. Nunua laini ya hapa na uje na paspoti, maana inasajiliwa.

Usafiri wa mji ni taksi-basi, taksi za kushirikiana na pikipiki ambazo huku tunaziita manseba. Taksi-basi nyingi huanzia karibu na Posta, katikati ya mji; msikilize anayeita njia, na Mkenya asishangae akisikia "Kenya, Kenya!", ni jina la komini nyingine ya mji wetu. Uliza nauli kabla ya kupanda, kwa sababu jioni inapanda, na uliza kama gari linafika mwisho wa njia, kwani saa za msongamano madereva wengine wanaishia katikati na unalipa mara mbili. Ukitaka taksi peke yako sema "ekspresi" na mpatane bei yote kabla mlango haujafungwa, ukitaja kama ni kwenda tu au kwenda na kurudi.

Kiswahili chako kitaeleweka, ila kitasikika cha kitabuni. Ugali hapa ni bukari, kisamvu ni sombe, na mtu mzima ni papa au mama kabla ya neno lolote lingine. Usianze na bei. Anza na salamu ya "jambo", ngoja ujibiwe, ndipo uulize.

Chakula cha jioni cha kiangazi ni michopo, mbuzi wa kuchoma. Chagua nyama ikiwa mbichi, taja kiasi cha pesa utakachotumia, sema kama unataka mfupa au la, na simama hapo inapokatwa. Ikishaingia motoni huna tena la kusema. Itachukua nusu saa au zaidi. Anayekuletea baada ya dakika tano amekupashia moto iliyobaki mchana. Kula na bukari ya moto, kitunguu na pilipili. Vikanda, vinavyokatwa vipande kama soseji nene, si nyama: ni viazi vya okidi za porini vilivyosagwa na karanga na pilipili. Onja, lakini tunasikitika kwamba okidi hizo zinachimbwa na mizizi yake, na kila mwaka wachimbaji wanaenda mbali zaidi. Munkoyo, kinywaji cha mahindi na mzizi, ni kitamu siku kilipotengenezwa. Kesho yake kinachacha na kina kilevi. Kinywe nyumbani ambako unajua maji yalichemshwa. Uyoga mbichi na maembe usivitafute mwezi wa saba, hivyo ni vya mvua. Mboga ni tele, kutoka bustani za kandokando ya vijito, ila zioshwe sana, kwa sababu baadhi ya vijito hivyo vinapokea maji ya viwanda vya madini.

Vya kuona mjini vinatosha siku mbili: Jumba la Makumbusho la Taifa lenye misalaba ya shaba iliyokuwa pesa ya mababu, kanisa kuu la Petro na Paulo la mwaka 1920, bustani ya wanyama, na uwanja wa timu ya mpira ya TP Mazembe hapa Kamalondo. Kama ni siku ya mechi ya Mazembe na Lupopo, usivae nyeusi na nyeupe wala bluu na njano mpaka ujue umekaa upande gani. Mlima mweusi wa takataka za shaba na shimini (bomba la moshi) ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, tazama kutoka mbali. Usipige picha ya askari, uwanja wa ndege, mpaka, daraja wala mgodi. Simu inachukuliwa kwa hilo. Bendera ikipandishwa asubuhi au kushushwa saa 12 jioni, simama ulipo mpaka imalizike. Tarehe 30 mwezi wa sita na 1 mwezi wa nane ni sikukuu, ofisi na benki zimefungwa. Ya pili ni siku ya wazazi, asubuhi watu wako makaburini, kwa hiyo usiwasumbue na miadi. Maporomoko ya Lofoi, katika hifadhi ya Kundelungu, yana urefu wa zaidi ya mita 300. Kiangazi ndicho kinachofungua njia, lakini pia ndicho kinachopunguza maji: nenda mwezi wa tano au wa sita, kwa gari la magurudumu manne yanayovuta na petroli ya akiba, na ulale huko.

Zawadi ya hapa ni malakiti, jiwe la kijani. Liguse shavuni: jiwe la kweli ni baridi na zito, na mistari yake haifanani; la plastiki linapata joto haraka na mistari yake imenyooka kama imechorwa. Angalia chini ya sanamu kama kuna nyufa zilizozibwa kwa gundi na unga wa kijani. Jiwe hili ni laini, linakwaruzika, na asidi inalila, kwa hiyo usilisafishe kwa limau wala siki. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha. Lifunge katikati ya nguo, si pembeni ya sanduku. Omba risiti iliyoandikwa kuwa ni sanaa, uiweke mkononi pamoja na paspoti, kwa sababu Luano watauliza kama unasafirisha madini. Hapo hapo uliza kama Go-Pass, ushuru wa uwanja wa ndege, imo ndani ya tiketi yako. Kama haimo, inalipwa kabla ya kuingia. Dola zake ziweke kando tangu siku ya kwanza, zikiwa safi.

Wako,
Wapokea wageni wa Kamalondo,
Lubumbashi