Risala kwa mgeni wetu wa heshima, siku ya kuonyesha jaketi ya eabegi

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, chifu wetu, wazee wa mtaa, viongozi wa steji, mabibi na mabwana, hamjambo. Karibu Kariobangi, na pole kwa hiyo barabara, tunajua gari yako imeionja.

Historia yetu ni fupi. Sisi ni waendesha bodaboda, tulianza kama chama cha kuchangiana pesa za hospitali na mazishi, kila mara ni mwenzetu ameanguka, mpaka fundi mmoja wa cherehani akauliza kwani lazima tungoje mtu afe ndio tuchange. Ndio tukaanza kushona jaketi ya eabegi, yaani yenye mfuko unaofura kukukinga ukianguka. Huko nje hii kitu si geni, Honda waliweka eabegi kwa pikipiki yao ya Gold Wing tangu 2006, na wale wa mbio za MotoGP kuvaa suti yenye eabegi ni lazima tangu 2018. Zao zina sensa na kompyuta, yetu ni ya kamba: unaifunga kwa nduthi, yaani pikipiki yako, ukirushwa kamba inavuta pini, katriji ya gesi ya kaboni dayoksaidi inatoboka, jaketi inafura kabla hujagusa lami, shingo na kifua na mgongo vinapata mto. Helmeti bado unavaa.

Mafanikio ni mengi mno. Tumeshona jaketi nne (leo mtaona tatu, ya nne nitaieleza) na moja inafanya kazi kabisa. Nyingine ilimfurisha mwenzetu mbele ya kastama, alishuka haraka akasahau kufungua kamba, akawa kama mandazi pale steji. Hata hiyo tunaihesabu, pini si inavutika.

Sasa tufike kwa kile kimetuleta. Katriji. Ni kichuma kidogo kinatoshea kwa kiganja, kikishatoboka mara moja basi, hakijazwi tena, na zinaagizwa kutoka nje. Kila tukiangusha gunia la mchanga kutoka kwa nduthi kuukuu tuone kama jaketi itafura kwa wakati, katriji moja imeenda. Tumebaki na mbili. Mheshimiwa, hatuwezi kumvalisha baba wa watoto jaketi tuliyoijaribu mara kumi na moja tu. Hatuombi hema, hatuombi fulana zenye picha ya mtu, tunaomba katriji 100.

Tunasema hivi kwa heshima kubwa, maana mgeni wa mwaka jana, ambaye tulimchinjia mbuzi, alituahidi katriji 50 wiki ijayo, akavaa jaketi akapigwa picha, akaenda nayo. Tumepiga simu mpaka tumezoea sauti ya yule dada wa mteja hapatikani. Hatumlaumu, kazi ni nyingi. Ila ukikutana naye, jaketi tungeomba irudi.

Mweka hazina wetu ameketi hapo kulia kwako na daftari. Tarehe ya leo ashaandika, imebaki jina, idadi na siku ya kuleta. Pilau iko tayari, itapakuliwa baada ya hapo.

Ni sisi wanakikundi. Imesomwa na katibu.